Waandishi wa vitabu vya watoto, mama wa kambo amewakosea nini?

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, mtanivumilia.

Mimi ni mama wa kambo. Niko Tabata, nalea mtoto wa mume wangu tangu hajui hata kufunga kamba za viatu. Mama yake alishatangulia mbele za haki. Ananiita mama. Mimi ndiye namwamsha alfajiri awahi gari la shule, mimi ndiye nakesha naye akishikwa na homa. Sasa shule imetoa orodha ya hadithi za kusoma likizo, nikaenda Posta nikanunua.

Kitabu cha kwanza, mama mzazi anafariki ukurasa wa pili kwa "ugonjwa wa ghafla", hata jina hajapewa. Ukurasa wa tatu baba kaoa. Kuanzia hapo ni ndoo kichwani, ukoko na fimbo. Na mchoro sasa! Mama wa kambo kapigwa wigi, kucha nyekundu, nyusi za wanja zimepanda hadi kwenye paji, mdomo wazi kama anataka kummeza mtoto. Binti yangu akautazama, akanitazama (na ndiyo, nilikuwa na wigi), akaniuliza: "Mama, na wewe utabadilika lini?"

Yaani kwake imebaki tarehe tu.

Cha pili, hadithi ileile, majina tofauti. Cha tatu mama yuko hai, ila kazi yake kukoroga sufuria mwanzo mwisho na kusema "nendeni mkanawe mikono". Dar hii hii? Wanawake wanaogombania samaki mnadani Feri, mama lishe wanaosomesha watoto mpaka chuo kwa sahani za wali, hao hawana watoto wa kuandikiwa?

Najua mtaniambia ndiyo ngano zetu. Bibi alinisimulia, sikatai. Lakini hata huko Ulaya mchezo ni huohuo. Ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipochapa ngano zao 1812, yule malkia mwenye kijicho anayetaka Snow White auawe alikuwa mama mzazi kabisa. Toleo la 1819 wakamfisha mama, wakamwingiza wa kambo. Hansel na Gretel vilevile: aliyeshauri watoto watupwe porini alikuwa mama yao, mpaka toleo la 1840 akageuzwa wa kambo. Mama mzazi kasafishwa, uchafu tumemwagiwa sisi.

Na baba je? Baba aliyewapeleka porini kwa miguu yake, mwishoni watoto wanamrukia shingoni kwa furaha, mke ndiye kafa! Wa kitabu changu naye yuko "safarini kikazi" hadithi nzima, anarudi ukurasa wa mwisho, analia, yameisha. Hakuna anayemuuliza hata simu alikuwa hana?

Mama wa kambo wakatili wapo, mtaani tunawajua. Mama wazazi wakatili wapo pia, na akina baba ndio usiseme. Mbona hao hawachorwi?

Mwenye kujua kitabu cha Kiswahili cha darasa la pili au la tatu ambamo mama wa kambo anamsuka mtoto nywele na hakuna anayekufa, aweke hapa jina, duka na bei. Wa kuniambia "ni hadithi tu" apite kushoto.