Hedifoni za Bluetooth hazionekani kwenye risiva ya hom thieta: baba asikieje bila spika kunyamaza?

Mwenye swali, Ngamiani

Assalaam aleikum ndugu zangu. Hapa nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, tuna risiva ya hom thieta yenye spika tano, na usoni mwake pameandikwa Bluetooth. Baba yangu usikivu wake umepungua sana, hivyo taarifa ya habari ya saa mbili usiku huiongeza sauti hadi jirani wa upande wa pili wa ukuta huisikiliza pamoja naye, na mjukuu wake mchanga hushtuka usingizini. Nimemnunulia hedifoni zisizo na waya, ambazo zinaungana na simu yangu mara moja, lakini nikizitafuta kwenye risiva hazionekani kabisa, ingawa simu hiyohiyo inaungana na risiva bila taabu. Nilipochomeka hedifoni za waya kwenye tundu la mbele, spika zote zilinyamaza, nasi wengine sebuleni tukabaki kutazama midomo ya mtangazaji. Ninachotaka ni baba asikie kwa kiwango chake na sisi tusikie kwa kiwango chetu, kwa wakati mmoja. King'amuzi kimeunganishwa na risiva kwa HDMI, na risiva na TV vivyo hivyo. Je, hedifoni ni mbovu?

Fundi wa Chumbageni

Wa aleikum salaam. Hedifoni zako ni nzima. Bluetooth ya risiva nyingi imetengenezwa kupokea tu, yaani ichukue wimbo kutoka kwenye simu na kuupeleka kwenye spika, na hedifoni nazo kazi yake ni kupokea. Umewakutanisha wasikilizaji wawili pasipo msemaji. Baadhi ya risiva za Denon na Marantz za miaka ya karibuni zinaweza kurusha sauti kwenda kwenye hedifoni huku spika zikiendelea, kwa hiyo anza kwa kupekua menyu ya yako. Ikiwa haina uwezo huo, utahitaji transmita ya Bluetooth, kile kifaa kidogo kinachorusha sauti.

Swali kubwa ni uichomeke wapi. Tundu la mbele linanyamazisha spika kwa makusudi, kwa hiyo humfaa mtu anayesikiliza peke yake. Lile tundu la mraba la waya wa optiko (unaopitisha sauti kwa mwanga) nyuma ya risiva, soma kwanza maandishi yake, kwani mara nyingi ni "IN" na halitoi chochote. Matundu mekundu na meupe yaliyoandikwa "OUT" nayo huwapoteza wengi, kwa sababu katika risiva nyingi hutoa tu sauti iliyoingia kwa waya za aina hiyohiyo, na sauti ya king'amuzi chako inaingia kwa HDMI.

Ningekuwa mimi ningeiacha risiva kama ilivyo na kukigeukia king'amuzi. Kikiwa na matundu mekundu na meupe, hayo kwa kawaida huendelea kutoa sauti hata HDMI inapofanya kazi. Transmita ikae hapo, na spika zako hazitaguswa.

Bi wa Raskazone

Mimi niliyapitia haya kwa ajili ya mama yangu, nikatumia tundu la optiko la TV, ambalo lenyewe ni la kutoa sauti. Ncha za waya huo huja na vifuniko vidogo vya plastiki visivyo na rangi ambavyo ni vigumu kuviona, vivue kwanza. TV ikiwa imewashwa, tazama ncha ya pili, utaona mwanga mwekundu. Mimi niliuona mwanga na bado hedifoni zilikuwa kimya, mpaka nilipoingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV nikabadilisha aina ya sauti kutoka Dolby, iliyobanwa, kuwa PCM, isiyobanwa, kwa kuwa transmita nyingi haziielewi Dolby. Lakini kwa mpangilio wako, ndugu, huenda TV haipati sauti yoyote, maana risiva inaweza kuwa inaizuia njiani, kwa hiyo ushauri wa fundi unakufaa zaidi.

Mwenye swali, Ngamiani

Ninawashukuru sana. Nimenunua transmita, nimeichomeka kwenye king'amuzi, na jana baba amesikia habari tangu mwanzo hadi mwisho bila kuuliza "amesema nini?" hata mara moja, jambo ambalo sikumbuki lilitokea lini mara ya mwisho. Limebaki tatizo moja: analalamika kwamba kila neno analisikia mara mbili, kwanza kwa spika, kisha kwa hedifoni.

Fundi wa Chumbageni

Huko ni kuchelewa kwa Bluetooth. Kwa njia ya kawaida, SBC, sauti huchelewa takriban milisekunde 150 hadi 250, ilhali kwa aptX Low Latency, njia iliyotengenezwa kupunguza kuchelewa huko, ni kama 40, ila transmita na hedifoni zote mbili lazima ziwe nayo. Ikikosekana upande mmoja, mnarudi kulekule. Usijaribu kurekebisha kwa kuchelewesha spika kwenye menyu ya risiva, kwani hapo nyote mtaisikia sauti ikiwa nyuma ya picha. Hedifoni zinazofunika sikio lote zitamsaidia, na vilevile mhamishe kiti mbali na spika ya karibu. Akiendelea kukereka, tafuta hedifoni za mawimbi ya redio zinazokuja na kitako chake cha kurushia sauti, ambazo karibu hazicheleweshi sauti.

Jambo jingine: transmita ipe umeme kwa chaja ya simu, si kwa tundu la USB la TV, kwa sababu TV nyingi zikizimwa hukata umeme wa USB, na mzee asije akalazimika kuunganisha upya kila jioni.

Mwenye swali, Ngamiani

Nimemhamishia kiti chake karibu na dirisha na kuipunguza spika ya upande wake. Anasema kulisikia neno mara mbili kumekwisha. Chaja nitaibadilisha leo kabla ya saa mbili.