Santuri inasikika kwa mbali kama harusi ya mtaa wa tatu: tupeane uzoefu, wewe tatizo ulilikuta wapi?

Mjukuu_wa_Mzee
Habari za jioni wakuu. Nilirithi mashine ya santuri ya babu pamoja na boksi la sahani ndogo za 45 (mizunguko 45 kwa dakika). Nimeipakata kwenye basi kutoka Tanga mpaka Dar kama mtoto mgonjwa. Kufika, nikachomeka kwenye sabufa, tundu la AUX. Sahani inazunguka, sindano imekaa, volyumu mwisho, na unachosikia ni gitaa kwa mbali. Besi hamna kabisa. Ukiinamisha sikio kwenye sindano yenyewe wimbo unausikia vizuri kuliko kwenye spika!

Fundi wa kwanza akaniambia sindano imekwisha. Nikanunua mpya, hela ikaenda, sauti ileile. Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyewahi kupiga santuri kwenye kumbi za dansi. Hata mashine hakuigusa, aliuliza tu: "Umechomeka wapi?"

Kumbe kichwa cha sumaku, kile kidude kinachoshika sindano, kinatoa milivolti 3 mpaka 5 hivi, wakati tundu la AUX linategemea mamia ya milivolti. Lazima katikati pawe na kikuzaji cha santuri, kinachopandisha umeme huo kama mara 100. Tena kinarudisha na besi, kwa sababu santuri inapochongwa besi hupunguzwa makusudi ili mifereji isipanuke ikagongana. Amplifaya za zamani zilikuwa nacho ndani, ndiyo lile tundu lililoandikwa PHONO. Sabufa yangu haina.

Nikanunua kikuzaji, kidogo kama pakiti ya majani ya chai. Nikaunga, nikashusha sindano, ila volyumu nimesahau kuirudisha. Paka aliruka nje kupitia dirishani.

Haya, leteni yenu. Sitaki nadharia, nataka yaliyokukuta.

Risasi_na_Waya
Mkuu umenikumbusha mbali. Yangu ilikuwa upande wa kushoto tu, unanong'ona, na tundu la PHONO ninalo. Kabla ya kufungua chochote nilibadilishana waya nyuma ya amplifaya, nyekundu ikaenda kwa nyeupe na nyeupe kwa nyekundu. Mnong'ono ukahamia spika ya kulia. Hapo amplifaya na spika zikatoka kwenye kesi, mwizi yuko kwenye mashine au waya zake.

Kwenye kichwa kuna waya nne nyembamba kama nywele: nyeupe na buluu za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Nikachukua kibano cha nyusi cha mama watoto, nikazichomoa moja moja. Ile nyeupe, pini yake ilikuwa na ukungu wa kijani. Nikasugua pini zote kwa raba ya penseli ya mtoto, nikapitisha pamba yenye spiriti kidogo, nikarudisha. Sauti ikajaa pande zote mbili.

Nilisahau kusema: waya wa buluu niliukata kwa papara. Ukitaka kuulehemu, uchomoe kwanza kwenye kichwa. Joto la chuma likipita kwenye pini linaua koili iliyomo ndani.

Kijana_wa_Flashi
Si muweke flashi tu jamani 😂

Risasi_na_Waya
Kula flashi yako kwa amani, kijana.

Mwana_wa_Kibokoni
Hapa Mombasa adui ni hewa. Mashine yangu ni ile ya sanduku, ya kubeba mkononi, na kichwa chake si cha sumaku, ni cha fuwele ya chumvi ya Rochelle, inayotoa umeme sindano ikiitikisa. Kikiwa kizima hutoa nusu volti au zaidi, kikuzaji cha mleta uzi hakihitaji hata kidogo. Lakini chumvi ni chumvi: hunyonya unyevu, na joto likifika nyuzi 55 hivi huharibika moja kwa moja. Fikirieni kisanduku kimekaa darini kwenye nyumba ya bati miaka thelathini!

Sauti ilififia kidogo kidogo hata nikidhani masikio yangu ndiyo yazeekayo. Nilipokipasua kile kichwa nikakuta ute, kama sukari iliyolowa. Hakitengenezeki hicho. Nikaweka cha kauri, ambacho unyevu haukibabaishi, na kelele zikarudi hata jirani akagonga ukuta.

Mrombo_Mpole
Mimi ni ya kijinga. Mashine zinazorudisha mkono wa sindano zenyewe zina kiswichi kinachoziba sauti wakati mkono unatembea, ili usisikie mikwaruzo. Changu kilikuwa kichafu, hakiachii vizuri. Dalili yake: sauti ndogo, ukigonga meza inafunguka, dakika mbili imelala tena. Nimegonga meza mwaka mzima kabla ya kufungua chini na kukipuliza.

Binti_Shangani
Nami niseme la bibi yangu. Ana taarabu za zamani, zile sahani nzito za 78 zinazovunjika kama kigae. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi za namna hiyo mwaka 1928. Nilizipiga kwa sindano ya kawaida, spidi nimeweka sawa, ikawa sauti ya mtu iko nyuma ya mvua. Nikadhani zimelika. Kumbe mfereji wa 78 ni mpana, sindano ya LP (zile santuri kubwa za kawaida) ni nyembamba mno, inazama mpaka chini na kukwangua vumbi badala ya kugusa kuta zenye wimbo. Nilipoweka sindano yake, pana karibu mara tatu, bibi aliinua kichwa na kuwataja wapigaji mmoja mmoja.

Mjukuu_wa_Mzee
Dada, ninazo mbili za hivyo chini kabisa ya boksi, nilikuwa nishazihesabu mbovu. Sindano hiyo uliipata wapi? Leo leo nazifuta kwa ile spiriti ya Risasi_na_Waya.

Binti_Shangani
Nililetewa na kaka, yuko Muscat. Ila spiriti weka chini kaka'angu! Hizo za 78 inaziyeyusha. Kitambaa chenye maji kidogo, basi, na ile karatasi ya katikati usiilowanishe.