Unga wa matunda kudai unatibu presha: turuhusu?

Naanzisha mjadala huu kwa sababu ya shangazi yangu wa Umoja. Ana presha mwaka wa tisa sasa. Nilipomtembelea mwezi jana nilikuta mkebe wa unga wa zambarau mezani, na kando yake kadi ya vidonge ambayo haijatobolewa hata kimoja. Aliyemuuzia kwa shilingi 2,500 alimwambia unga "unasafisha mishipa" na kwamba dawa za hospitali zinaharibu figo. Tulipompima, presha ilisoma 178 kwa 104.

Zambarau ni tunda zuri. Ile rangi inayoganda kwenye ulimi ni anthosianini, na imo pia kwenye forosadi, kwenye kabeji nyekundu, na kwenye ile michai ya majani ya rangi ya zambarau ambayo wakulima wetu hapa Kenya walipewa mwaka 2011. Kwenye chupa ya maabara ni antioksidanti, yaani hutuliza kemikali zinazoharibu seli, lakini kinachoonekana huko sicho kinachotokea tumboni. Anthosianini inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Nyingi hushuka hadi utumbo mpana, na huko bakteria huivunja ikawa vitu vingine. Mwaka 2012 Idara ya Kilimo ya Marekani iliondoa orodha yake ya kupima nguvu ya antioksidanti kwenye vyakula, kwa kuwa wauzaji waliitumia kupigia debe bidhaa zao wakati namba zile hazikuonyesha faida yoyote mwilini.

Na kuna hatari. Huko Ufini wanaume wavutaji sigara walipewa vidonge vya betakarotini, ile rangi ya karoti, kwa matumaini kwamba saratani ya mapafu ingepungua. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliomeza waliugua zaidi. Karoti yenyewe haikuwa na kosa.

Kwa hiyo nasema: unga uuzwe kama chakula. Anayetaja presha, sukari au saratani aonyeshe utafiti uliofanyiwa watu, la sivyo mkebe utolewe dukani.

Jibu, kutoka Kangemi: Pole kwa shangazi. Lakini nyanya zetu walitibu kwa mimea. Nani atalipia utafiti wa mti usio na mwenyewe? Ukiweka sheria hiyo, zitabaki kampuni kubwa peke yake. Mjomba wangu alirudi kwenye mboga za managu na terere, sukari ikashuka.

Aliyeanzisha: Hapo kwenye gharama umenigusa, kazi hiyo ifanywe na vyuo vyetu vya umma. Ila mjomba alibadilisha sahani nzima, na hakuna aliyemwambia aache dawa. Mimea ina nguvu kweli, ndiyo maana naogopa. Balungi huzuia kimeng'enya kinachovunja baadhi ya dawa za presha, dawa ikarundikana mwilini. Hata chai, ukiinywa pamoja na githeri, hupunguza madini ya chuma unayoyapata kwenye maharagwe. Yule aliyemuuzia shangazi mkebe hakumuuliza hata mara moja anameza nini.