Mzee alijenga akiwa na miaka 27, mimi kiwanja tu kinanishinda

Mtoto_wa_Gungu:
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 33, nimepanga chumba na sebule hapa Mwanga, Kigoma, na kila nikilipa kodi naona mifuko ya saruji inaondoka. Mzee wangu alikuwa kibarua wa reli na akiwa na 27 tayari ana nyumba Gungu, tofali za kuchoma na bati juu. Mimi nna ajira, pembeni nauza mawese, ila kiwanja cha mita 20 kwa 20 cha Businde nimetajiwa milioni 6 na hakijapimwa. Mzee akipiga simu lazima aulize "unajenga lini?" Hivi shida ni mimi?

Mama_Kasingirima:
Mwanangu usijilaumu. Sisi hapa Ujiji marehemu mume wangu alikatiwa eneo na baba yake mdogo, akatoa kifuta jasho cha michikichi iliyokuwepo basi, udongo tukachimba hapohapo, majirani wakaja kufyatua tofali na malipo yao yalikuwa ugali na migebuka. Hela yetu iliishia kwenye bati na misumari. Leo nyie mnanunua tofali, mchanga, kokoto, maji ya kujengea, mpaka mtu wa kuchimba msingi. Muulize mzee kiwanja alinunua shilingi ngapi.

Ramani_Mkononi:
Mama umesema kweli tupu, na sheria nayo imo. Zamani ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na bei, ulilipia maendelezo, yani miti na jengo, mpaka Sheria ya Ardhi ya 1999 ikatambua ardhi yenyewe ina thamani. Benki ya Nyumba iliyokuwa inakopesha watu wajenge nayo ilikufa 1995. Sheria ya mikopo ya nyumba ikaja 2008 na mabenki yanakopesha ila yanataka hati, sasa kiwanja tunachokimudu sisi ndo hichohicho hakijapimwa, hati utoe wapi? Mkuu kabla hujatoa hata mia nenda manispaa kaulize kama hapo pana mpango wa urasimishaji, yani kupima na kumilikisha maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, na majirani wa mipaka wote wasaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nimeona watu wanalia.

Mtoto_wa_Gungu:
Asante mama, asante mkuu. Nimempigia mzee sasa hivi, kumbe alipewa na mjomba wake akatoa mbuzi mmoja. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza hicho cha Businde gari inafika? Jumapili tunaenda wote kukiona.