MREJESHO: Kompyuta ya nyumbani na apdeti zinazokula bando

Wakuu, niliuliza namna ya kuzuia Windows 11 isijipakulie apdeti na kumaliza bando la hotspoti hapa Ujiji. Kilichosaidia ni ule ushauri wa kuwasha "Metered connection" (kuiambia Windows kwamba mtandao huo data yake ina kikomo) kwenye mipangilio ya Wi-Fi. Sasa bando linakaa. Ila angalieni, inashika kwa mtandao uleule tu: dogo alipowasha hotspoti ya simu yake upakuaji ukaanza upya, ikabidi niiwashe na huko. Kusitisha apdeti kwa wiki 5 nako kunafanya kazi, ingawa muda ukiisha lazima uapdeti kwanza ndipo usitishe tena. Aliyesema nizime huduma yote ya apdeti, hapana mkuu, apdeti za usalama nazitaka. Jumamosi naipeleka kompyuta kwa shemeji, Mwanga, kwenye Wi-Fi ya kulipia kwa mwezi, ishibe huko.