Kigari chepesi cha mtoto cha safari na mizunguko ya mjini

Mama Junior: Wapendwa habari, mwanangu ana miezi saba, naishi Sinza, Dar, ghorofa ya tatu lifti hakuna, nataka kigari cha kukunja nipande nacho basi la mwendokasi na mwezi ujao treni ya SGR mpaka Dodoma, nichukue kipi?

Baba Naima: Sisi tunatumia Babyzen Yoyo2, kilo 6.2, ukikikunja ni sm 52 kwa 44 kwa 18, ndege nyingi unaingia nacho ndani. Bei sasa, mh! Halafu vigurudumu vidogo, mchanga wa uswazi vinazama tu.

Dada wa Kigamboni: Shosti nenda Kariakoo ukakijaribu mwenyewe, kikunje kwa mkono mmoja huku umembeba mtoto, kikikushinda hapo dukani je kwenye foleni ya kivuko? Cheki breki, cheki mkanda unashika mabega, kiuno na katikati ya miguu, na ile loki yake uitikise kwa nguvu maana vingine vya bei chee vinajikunja vyenyewe.

Mjukuu wa Bibi: Na khanga iwe kwenye mkoba, saa kumi na moja jioni mwendokasi ya Kimara hakuna kigari kinachopanda 😂