Muuguzi mwenye maumivu ya kiuno anayetumia tramadoli: naomba ushauri wenu

MuuguziWaZamu

Salamu kwenu nyote. Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 38, na kwa miaka 12 nimefanya kazi katika wodi ya wanaume waliopasuliwa, kwenye hospitali moja hapa Bukavu ambayo naomba nisiitaje. Mwezi wa tano, usiku, tukiwa wauguzi wawili kwa wagonjwa 34, nilimdaka mgonjwa aliyekuwa akiteleza kutoka kitandani. Alikuwa mtu mzito, na mwenzangu alikuwa upande wa pili wa wodi akibadilisha seramu. Nilihisi kama kamba imekatika kiunoni, na zamu iliyobaki niliimaliza nikiwa nimeegemea kigari cha dawa.

Asubuhi yake mwenzangu alinichoma sindano ya diklofenaki pamoja na deksametazoni, dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, jambo ambalo sisi wauguzi hufanyiana kama majirani wanavyopeana chumvi. Nilikaa siku tatu nikiwa mzima, kisha maumivu yakarudi na kushuka hadi kwenye tako la kushoto na nyuma ya paja. Hapo ndipo nilipoanza kununua tramadoli, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, bila karatasi ya daktari, kwa kuwa kwenye farmasi hakuna aliyeniuliza. Nilianza na kidonge kimoja cha miligramu 50 wakati wa kulala. Leo, baada ya miezi minne, ninameza sita kwa siku, na kiuno hakijapona; kinanyamaza tu kwa saa chache.

Lililonifanya niandike ni hili. Jumapili moja vidonge vilikwisha na sikupata nafasi ya kushuka mjini. Kufikia jioni nilikuwa natokwa na jasho baridi, pua inachuruzika, tumbo linaharisha, miguu haitulii kitandani, na nilijawa na hofu ambayo sikujua inatoka wapi. Nilimwambia mume wangu kwamba ni malaria. Jumatatu asubuhi nikameza vidonge viwili, na malaria hiyo ikaisha kabla sijamaliza kunywa chai.

Kuna jambo jingine ambalo naona haya kuliandika. Mara mbili nikiwa zamu nimesimama mbele ya kabati la dawa la wodi na kulitazama boksi la dawa za maumivu. Sikuchukua kitu, lakini nililitazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

Naomba mnishauri: je, niache mara moja? Je, nimwambie mkuu wa wodi? Na mgongo huu nitaufanyaje, ikiwa kazi yangu yenyewe ni kuinua watu?

MzeeWaBagira

Mama, pole sana. Mimi sijasomea uganga, ila mke wangu aliteseka na kiuno mwaka mzima, na kilichomsaidia ni kukandwa kwa mafuta ya mawese ya moto na kulala juu ya ubao mgumu bila kuinuka siku kumi. Vidonge hivyo vitupe chooni leo hii, umwombe Mungu akupe nguvu, na usigeuke nyuma.

FarmasiKadutu

Mzee wangu, kwa heshima zote, suala la kukandwa sina neno nalo, lakini shauri la kutupa vidonge vyote leo linaweza kumdhuru mama huyu. Aliyekuwa akimeza miligramu 300 kila siku kwa miezi kadhaa akakatisha ghafla hupata yaleyale aliyoyaeleza ya Jumapili, tena makali zaidi, na mara nyingi hurudia dawa siku ya pili akiwa amekata tamaa. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo, chini ya daktari anayejua kiasi halisi unachomeza, si kiasi unachoona haya kukitaja.

Dada, naomba nieleze kidogo kuhusu dawa yenyewe, kwa sababu hata sisi tunaoiuza tumeichukulia kama peremende. Tramadoli ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1962 na ikaanza kuuzwa huko mwaka 1977, na kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa dawa dhaifu. Kumbe ini huigeuza kuwa kitu kingine ambacho kina nguvu zaidi ya dawa yenyewe, na maini ya watu hayafanani: mmoja hapati nafuu kabisa, mwingine kwa dozi ileile hulewa na kupumua kwa shida. Mtu mzima hapaswi kuzidisha miligramu 400 kwa siku, na anayezidisha anaweza kupata degedege hata kama hajawahi kuugua kifafa. Usiichanganye na pombe wala diazepamu, ile dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Ikiwa daktari atakuandikia amitriptilini kwa ajili ya mshipa wa mguu, mwambie kwanza kwamba uko kwenye tramadoli, kwa sababu hizo mbili zikikutana huweza kuleta matatizo ya moyo na ya ubongo. Tazama pia maandishi ya boksi, kwani Afrika Magharibi wamekamata vidonge vya magendo vya miligramu 225 kimoja, na biashara za namna hiyo hazijui mipaka.

Kuhusu faida yake kwa mgongo, mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa Australia uliofuatilia wagonjwa 347 wenye maumivu mapya ya kiuno au shingo. Waliopewa oksikodoni, dawa kali ya jamii moja na tramadoli, hawakupata nafuu kuwashinda waliopewa kidonge kisicho na kitu. Mimi niliposoma hayo nilikaa kimya nikiwafikiria wateja wangu.

AliyemuuguzaKaka

Niongeze neno moja tu. Kaka yangu alimeza dawa za maumivu miezi saba huku akikonda na kulowa jasho usiku, na sote tulisema ni kazi ya kubeba mizigo bandarini. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alitibiwa akapona, ila mgongo ulibaki na nundu. Mama, umepimwa?

MtuWaKine

Mimi ni mtu wa kine, yaani wa tiba ya viungo kwa mazoezi, na swali la aliyetangulia ndilo nililotaka kuanza nalo. Dada muuguzi, kabla ya zoezi lolote, jichunguze kama unavyomchunguza mgonjwa wako. Ikiwa mkojo umeanza kuziba au kukutoka bila kujua, ikiwa sehemu ya siri na pale unapokalia pamekufa ganzi, au ikiwa mguu unakosa nguvu hata kidole gumba hakiinuki, usiendelee kusoma hapa; nenda hospitali saa hiihii, kwani mishipa ya fahamu ya chini ikibanwa haisubiri kesho. Homa, kukonda na maumivu yanayozidi usiku ukiwa umelala pia vinahitaji vipimo vya haraka.

Kama hayo hayapo, maelezo yako yanafanana na diski (mto laini ulio kati ya pingili za mgongo) iliyosukuma mshipa wa fahamu kati ya pingili za mwisho za kiuno. Nimeshughulika na wauguzi wengi wa aina yako, na wengi hupona bila kisu. Picha ya radio (eksirei) haitakuonyesha diski, kwa hiyo usitoe pesa ya bure kila mwezi kwa picha hiyo. Na kwa Mzee wetu wa Bagira: siku kumi juu ya ubao ni nyingi mno. Misuli inayoshika kiuno hulegea upesi mtu akilala, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, liliweka mbele mazoezi na elimu, likashauri dhidi ya kutegemea dawa za jamii ya afyuni na mikanda ya kiuno. Kukandwa si dhambi, ikiwa baada ya hapo mtu anainuka na kutembea.

Anza kutembea dakika kumi asubuhi na jioni mahali tambarare (najua Bukavu tambarare hutafutwa kwa tochi, lakini usianzie kwenye ngazi za Kadutu). Maumivu yakibaki kiunoni, endelea. Yakizidi kushuka mguuni, punguza.

Sasa kazini, ambako ndiko ugonjwa ulikotoka. Hakuna mgongo ulioumbwa kumwinua peke yake mtu wa kilo 80, hata ukipinda magoti kama tulivyofundishwa shuleni. Acha kuinua, anza kutelezesha. Mgonjwa apitishiwe kitenge kilichokunjwa mara mbili chini ya mabega na makalio, watu wawili wavute kwa pamoja baada ya kuhesabu, na kitanda kikiwa cha chini weka goti moja juu yake badala ya kuinama. Jamaa wanaomlinda mgonjwa wako palepale usiku kucha. Wafundishe jioni, kabla hujawahitaji saa nane za usiku. Na mgonjwa anayeanguka, dada yangu, hadakwi. Anasindikizwa hadi chini, kichwa kikilindwa. Najua moyo wa muuguzi unakataa.

BintiWaIbanda

Usimwambie mkuu wa wodi habari za vidonge. Nimeona mtu akisema ukweli kama huo, na wiki hiyohiyo kila sindano iliyopotea ikawa ya kwake.

FarmasiKadutu

Ninaelewa hofu hiyo, Binti, lakini mtu fulani lazima ajue. Asipojua mkuu wa wodi, basi ajue mume, na ajue daktari.

MuuguziWaZamu

Ndugu zangu, ninarudi baada ya wiki tano. Niliposoma mambo ya ganzi na mkojo nilijichunguza palepale, na hayakuwapo. Mume wangu nilimwambia usiku huohuo. Alinyamaza, halafu akauliza kama na ile malaria ya Jumapili ilikuwa hiyo, nikasema ndiyo.

Nilikwenda kwa daktari wa hospitali nyingine, ambako hakuna anayeniita kwa jina. Alipima damu na makohozi, akanigonga magoti na vifundo, akasema diski. Alinipangia kupunguza kidonge kimoja kila baada ya wiki mbili. Sasa niko kwenye vinne, na shemeji yangu ndiye anayevitunza na kunipa vya siku moja moja. Siku tatu za kwanza baada ya kila punguzo usingizi hunipotea, kisha hutulia. Mguu umeacha kuuma chini ya goti. Kiuno bado, hasa asubuhi.

Mkuu wa wodi nilimweleza habari za mgongo tu, na vidonge nikavinyamazia. Mtanisamehe wale mlioshauri vingine. Amenihamishia chumba cha kufungia vidonda kwa miezi mitatu, mahali ambapo hakuna kabati la dawa hizo.

Swali langu la mwisho ni kwa MtuWaKine. Nyumbani maji hayafiki, na kila jioni kuna bidoni la lita 20 la kupandisha kutoka kwenye bomba. Watoto wako shule hadi saa kumi na moja. Nifanyeje?

MtuWaKine

Nunua bidoni mbili za lita 10, moja kila mkono, mgongo ukiwa wima, na upumzike katikati ya mlima hata kama majirani wanatazama. Wiki nne za kwanza beba lita tano tano tu, hizo nyingine zisubiri watoto.